"Feeble" si "dhaifu" kila mahali

Swali: Ni karani wa bima hapa Upper Hill, Nairobi. Nilipewa barua ya Kiingereza niitafsiri. Neno "feeble" limo mara tatu: kwa mama mgonjwa, kwa mapigo ya moyo wake, na kwa sababu aliyopewa malipo yalipochelewa. Niliandika "dhaifu" kote. Mhariri amenirudishia. Nimekosea wapi?

Jibu: Kwa mama hujakosea sana, ndugu yangu, ila mimi ningeandika "amedhoofika", kwa kuwa barua inamhusu mtu aliyekuwa na nguvu zikamwishia. Usijaribu "mnyonge". Neno hilo humfanya mtu aonekane hana wa kumtetea, na mama huyu anakutegemea wewe.

Mapigo ya moyo ni "hafifu". Sauti, mwanga, mapigo, kitu chochote kinachotufikia kidogo mpaka tutege sikio au tukodoe macho, tunakiita hafifu. Stima ikipungua nguvu jioni, balbu haitoi mwanga dhaifu, hutoa mwanga hafifu.

Nadhani mhariri alikwama pale kwenye sababu. "Hoja dhaifu" ni Kiswahili safi, lakini hupima mantiki tu. Mwingereza akiiita sababu yako "feeble", amekudharau pia. Asili ya neno ni Kilatini, "flebilis", yaani wa kuliliwa, nalo likaingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale. Mgonjwa bado analiliwa, kisingizio kinachekwa. Basi andika "kisingizio kisicho na mashiko". Kama si barua ya ofisi ningekwambia "kisicho na kichwa wala miguu" na mambo yaishe.

Ndiyo maana chai iliyokosa majani huitwa "weak", haiitwi "feeble". Chai haina aibu ya kuchekwa. Sisi tunasema chai nyepesi. "Frail" nalo ni la mwili mwembamba, mwepesi kuvunjika, hasa wa uzeeni; halina kejeli.

Tahadhari moja, kwa sababu ofisi za bima hutunza mafaili ya zamani. Ukikuta "feeble-minded", jua kwamba zamani lilikuwa neno rasmi: sheria ya Uingereza ya mwaka 1913 ililitumia kuwapanga watu katika madaraja. Leo ni tusi. Ukiwa unanukuu hati, liache ndani ya alama za kunukuu; ukieleza kwa maneno yako, andika "mwenye ulemavu wa akili".