Maswali ya wasomaji: Kutafuta mtandaoni bila Google inawezekana?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi niko Nansio, Ukerewe, nina kaduka ka stesheneri, wanafunzi wanakuja niwatafutie vitu mtandaoni. Mdogo wangu kaniambia kuna programu inaitwa YaCy, unatafuta bila kampuni yoyote, kompyuta za watu zinaulizana zenyewe. Ni kweli? Nihamie huko?

JIBU: Nzuri dada yangu. Ni kweli kabisa, ila usihame kwanza.

Google, ile waliyoianzisha Larry Page na Sergey Brin mwaka 1998, haizunguki mtandao mzima pale unapouliza. Inakuwa imeshapita kwenye kurasa mapema ikatengeneza faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu, neno hili liko ukurasa huu na huu, na faharasa yote inakaa kwenye seva zao ndo maana jibu linakuja chap. Lakini pia wao ndo wanaamua nani akae juu, na wanaona kila unachouliza, hili mi linaniuma sana hasa kwa watoto.

YaCy ilianzishwa na Mjerumani Michael Christen mwaka 2003 na ni ya bure. Hapo faharasa inakatwa vipande, kila kompyuta inatunza chake, na neno linageuzwa kuwa msimbo, yaani namba maalumu, unaoonyesha kipande kiko kwa nani. Hiyo ni akili kubwa, maana kwenye Gnutella ya mwaka 2000, mtandao wa watu kugawana mafaili, swali lilikuwa linapitishwa kompyuta hadi kompyuta mpaka mtandao unaelemewa na maswali tu.

Shida inaanza ukiandika maneno mawili. Tuseme "dagaa Mwanza": orodha ya dagaa inaweza kuwa kwa mtu wa Ujerumani na ya Mwanza kwa mtu wa Brazili, sasa lazima zikutanishwe ndo zijulikane kurasa zenye yote mawili, hapo muda unaenda na bando linaenda. Mtu akizima mashine, kipande chake nacho kinaondoka kama hakuna mwingine mwenye nakala. Na kwa kuwa yeyote anaruhusiwa kuingia, wapo wanaoleta takataka ili kurasa zao zitokee.

Nimeijaribu hapa Kirumba, Mwanza, kwenye laptopu yangu ya zamani, nikaandika Ukerewe, majibu yakawa yanadondoka moja moja, feni inalia, na ya Kiswahili yalikuwa ya kuhesabu. Sio kosa la programu, ni kwamba sisi wenyewe hatujaziingiza kurasa zetu, kompyuta inajua kile ambacho wenye kompyuta wameituma ikasome.

Kwa hiyo kazi za wanafunzi endelea na Google. Ila YaCy ina namna ya kutafuta ndani ya mtandao wako tu bila kuungana na wengine, na hiyo dada yangu ndo nakushauri uanze nayo. Weka notsi na mitihani ya zamani kwenye kompyuta moja ya dukani, iambie ivisome, mtoto akiandika "usanisinuru" anapata notsi palepale hata bando likiwa limeisha. Weka Java kwanza, ni programu ambayo YaCy haiwezi kufanya kazi bila hiyo, na siku ukiituma kwenye wavuti ya nje chagua kina kidogo (hatua ngapi ifuate linki kutoka ukurasa wa kwanza), moja au sifuri, maana usipoizuia inafuata kila linki inayokutana nayo na bando la mwezi linaweza kuisha kabla hujafunga duka.