Mtoto Akae na Nani? Maswali Yenu Kuhusu Malezi Wazazi Wakitengana

SWALI: Mimi na baba ya mtoto wangu hatukufunga ndoa. Mtoto ana miaka mitano na ameishi nami tangu azaliwe. Likizo ya Agosti baba alimchukua kwa wiki moja, sasa shule zimefunguliwa na hataki kumrudisha. Polisi wananiambia hayo ni mambo ya nyumbani. *Mama wa Umoja*

JIBU: Pole, dada. Polisi hawana karatasi inayosema mtoto akae na nani, ndiyo maana wanasita. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinawapa mama na baba wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 inashikilia hapo hapo. Kutooana hakumnyimi baba haki. Hakumpi pia ruhusa ya kumkatiza mtoto masomo. Unachokosa ni amri ya mahakama.

Anzia ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako. Beba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kijitabu cha kliniki na risiti au ripoti za shule. Afisa atamwita baba mzungumze. Akipuuza wito, usikae ukingoja mwingine na mwingine huku muhula unayoyoma. Nenda Mahakama ya Watoto, Milimani, Nairobi, ufungue kesi ya malezi, na siku hiyo hiyo uwasilishe ombi la dharura pamoja na hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli. Ombi hilo ndilo linaloweza kukupatia amri ya muda kabla kesi yenyewe haijasikizwa.

Katika hati ya kiapo, andika tarehe: alichukuliwa lini, mlikubaliana arudi lini, shule ilifunguliwa lini, amekosa siku ngapi. Mambo hayo manne yatamsaidia hakimu kuliko kurasa mbili za matusi. Hati itiwe sahihi mbele ya kamishna wa viapo, yaani mtu aliyeruhusiwa kisheria kuapisha watu. Ukitaka kutumia jumbe za WhatsApp, picha zilizochapishwa ziambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, yaani karatasi inayoeleza jinsi zilivyotolewa kwenye simu na kuchapishwa, la sivyo upande wa pili utaomba zitupwe. Baba naye lazima akabidhiwe nyaraka, na aliyemkabidhi aape kwamba amefanya hivyo. Wengi huipoteza siku yao mahakamani hapa: kesi inaitwa, hakuna uthibitisho kwamba mwenzako alipewa karatasi, mnaahirishiwa.

Baadaye mahakama inaweza kumtaka afisa wa watoto aandike ripoti. Afisa hufika nyumba zote mbili, akaangalia mtoto analala wapi, nani humwamsha na kumwandalia chai, nani humpeleka shule, na huzungumza na mtoto mwenyewe. Usiazime sofa. Chumba kimoja safi Kayole, chenye kitanda cha mtoto na mzazi anayejua jina la mwalimu wa darasa, hakina aibu yoyote mbele ya nyumba ya vyumba vitatu ambayo mtoto hushinda na msaidizi wa nyumbani.

Na huo usemi kwamba mtoto mdogo ni wa mama? Mahakama zetu kwa muda mrefu zimeelekea kumwachia mama mtoto mdogo, lakini huo ni mwelekeo tu. Mama akimtesa mtoto au akimtelekeza, mwelekeo huo unavunjika. Kinachotangulia ni maslahi ya mtoto.

SWALI: Natuma pesa kila mwezi lakini mama ya watoto hanipi nafasi ya kuwaona. Nikisimamisha pesa, si ndiyo ataniheshimu? *Baba, Donholm*

JIBU: Hapana, ndugu, usithubutu. Matunzo na kuwaona watoto ni mambo mawili, na mahakama haiyauzi kwa kubadilishana. Anayezuia watoto ana kosa lake. Ukikata karo unajiongezea lako, na siku ya kesi ndilo litakalosomwa kwanza. Na mama naye hawezi kukufungia mlango kwa sababu umechelewesha pesa.

Lipa kwa njia inayoacha alama. Karo iende moja kwa moja kwa akaunti ya shule, ya chakula ipitie M-Pesa, na uhifadhi taarifa ya miezi yote. Pesa ya mkononi, hata ikiwa nyingi, ni vigumu kuithibitisha baadaye.

Kisha omba amri ya kuwaona watoto, na uiombe kwa saa. Amri zinazosema tu “baba awaone watoto kwa wakati unaofaa” huzaa ugomvi kila wikendi, maana kila mmoja ana wakati wake unaomfaa. Pendekeza mfano huu: kila wikendi ya pili, uwachukue langoni mwa shule Ijumaa saa kumi jioni, uwarudishe Jumapili saa kumi na moja, nusu ya likizo za Aprili, Agosti na Desemba, simu kila Jumatano jioni. Kuwachukulia shuleni kunawaepusha nyinyi wawili kukutana mlangoni, ambako maneno huanzia. Taja pia nani anarudisha sare na mkoba wa vitabu. Vitu vidogo, lakini ndivyo vinavyoleta simu za saa tatu usiku.

Amri ikishatoka na mama akaendelea kukuzuia, hiyo ni kudharau mahakama, na adhabu inaweza kufika kifungo. Usiende kuvunja mlango. Rudi kortini na nakala ya amri na orodha ya siku ulizozuiwa.

SWALI: Tuliandikishana kwa chifu kwamba watoto wakae nami. Karatasi hiyo inatosha? *Mzazi, Kasarani*

JIBU: Ni ushahidi mzuri wa mlichokubaliana, ila mwenzako akigeuka huwezi kuitumia kumlazimisha. Iwasilisheni mahakamani ifanywe amri. Kama hamna pesa za wakili, jaribuni Kituo cha Sheria, FIDA Kenya au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

SWALI: Binti yangu ana miaka 13. Anaweza kuchagua mzazi? *Baba, Lang'ata*

JIBU: Atasikilizwa, na hakimu anaweza kuzungumza naye faraghani, ila uamuzi si wake. Usimfunze la kusema. Mtoto aliyekaririshwa hutumia maneno ya watu wazima, na hilo hujulikana haraka.