Jarida linataka dola 350 likuchapishie ndani ya siku 5: jibu langu kwa mleta mada

Mkuu mleta mada, umeuliza kama ulipe dola 350 kwa jarida lililokuandikia barua pepe, likakuita "mtafiti mashuhuri" na kuahidi kuitoa makala yako ndani ya siku 5, maana chuo chako kinataka machapisho mawili kabla hujatetea tasnifu ya PhD. Usilipe. Na kama bado hujawatumia makala, usiitume kabisa, kwa sababu hizo dola 350 ndiyo hasara ndogo.

Mimi ni mhadhiri, na kwa muda sasa nasaidia kuhariri jarida la kitivo chetu, kwa hiyo najua pepa inapita wapi. Ikifika, tunatafuta wahakiki wawili wanaoijua fani. Hawalipwi. Wa kwanza hajibu, wa pili ana rundo la mitihani ya kusahihisha, wa tatu anakubali halafu anapotea miezi miwili. Maoni yakija, mwandishi anarekebisha, pepa inarudi kwao tena. Anayeahidi kumaliza hayo yote kwa siku 5 hana mhakiki hata mmoja. Mwaka 2013 John Bohannon, mwandishi wa habari za sayansi, alitunga pepa ya uongo yenye makosa ya wazi akaituma kwa majarida 304 ya kusomwa bure, yale ambayo mwandishi ndiye anayelipa. 157 yaliikubali, na si yote yalikuwa ya vichochoroni. Mengine yalikuwa ya wachapishaji wenye majina makubwa.

Sasa hasara yenyewe. Mwenzangu mmoja kazini alituma pepa kwa jarida la aina hiyo. Baada ya siku chache akajibiwa "imekubaliwa", bila hoja hata moja ya mhakiki, na ankara juu yake. Akashtuka, akawaandikia kwamba anaiondoa. Wakamwambia kuiondoa nako kuna ada. Alipokaa kimya wakaipandisha mtandaoni hivyo hivyo. Tangu siku hiyo pepa imenasa: jarida la maana haliipokei kwa kuwa imeshachapishwa kwingine, na kamati ya kupandisha vyeo haiihesabu kwa kuwa jarida lenyewe halitambuliki. Data aliyoihangaikia vijijini, na watu waliompa muda wao kujibu dodoso, vyote vimeishia hapo. Wala huu si mchezo wa jarida moja. Tume ya Biashara ya Marekani ilipoishtaki kampuni ya uchapishaji wa majarida ya OMICS mwaka 2016, miongoni mwa malalamiko yake yalikuwa hayo hayo: ada inafichwa mpaka umeshatuma, na ukitaka kujitoa unazuiwa. Mwaka 2019 mahakama iliamuru kampuni ilipe zaidi ya dola milioni 50. Barua pepe za kusifia watu bado zinamiminika.

Wadau waliotangulia wamekushauri "nenda Scopus tu, mengine achana nayo", yaani utumie majarida yaliyo kwenye Scopus, orodha kubwa ya kimataifa ya majarida. Hapo sikubaliani nao. Majarida mengi ya kampuni ya uchapishaji ya Hindawi yalikuwa kwenye orodha kubwa za aina hiyo. Wachapishaji Wiley waliinunua kampuni hiyo mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 300, na mwaka 2023 zaidi ya pepa 8,000 zikafutwa baada ya kugundulika kuwa magenge ya kutunga pepa za kuuza yalikuwa yameingia hadi kwenye uhakiki. Jina la Hindawi lenyewe likaachwa. Halafu wapo matapeli wanaoiga tovuti ya jarida halisi, jina mpaka ISSN (namba ya utambulisho wa jarida), kwa hiyo kuliona jina kwenye orodha hakutoshi. Ingia kwenye tovuti kupitia orodha yenyewe, usifuate kiungo ulichotumiwa.

Kwa upande wa pili, jarida la chuo cha hapa ambalo tovuti yake inakufa kila wiki na toleo la Juni linatoka Desemba si la kitapeli. Ni la kimaskini, tofauti ni kubwa. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado aliyekuwa na orodha ya wachapishaji wa kutilia shaka hadi alipoiondoa Januari 2017, alisaidia wengi, ila alilaumiwa pia kwa kuyaonea majarida ya nchi zetu. Anza na AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998, au DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure. Soma makala mbili tatu za fani yako humo. Zikiwa takataka utajua mwenyewe, wewe ndiye mtaalamu.

Kuhusu pesa: majarida halali nayo yana ada, nyingine za kutisha (jarida la Nature walitangaza euro 9,500 mwaka 2020). Lakini wachapishaji wengi huwasamehe waandishi wa nchi zilizo kundi A la Research4Life (mpango wa kuzipa nchi maskini machapisho ya kitaalamu bure au kwa bei nafuu), na Tanzania imo. Omba unapotuma, usisubiri ikubaliwe. Angalia na masharti: wengine wanataka waandishi wote wawe wa nchi hizo, na kama msimamizi wako wa pili yuko Ulaya unaweza kunyimwa. Ikitokea hivyo, tafuta jarida linalouzwa kwa maktaba. Mwandishi kwa kawaida halipi kitu.

Vyuo navyo vina lawama yao. Kanuni inahesabu pepa, kuzisoma hakuna mwenye muda, halafu tunashangaa wanafunzi wanakimbilia za siku 5.

Kama ulishawatumia, waandikie leo kwamba unaiondoa, nakala kwa msimamizi wako, na utunze kila barua pepe. Fomu ya haki miliki usiisaini. Kama umeshaisaini, sema hapa hapa, maana ushauri wangu utabadilika.