Kumsamehe aliyekula mtaji wa dagaa

Dada yangu, pole. Umesema mwenzako wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, kala mtaji wenu, na Alhamisi Kuu mtakaa benchi moja kanisani. Yamenikuta hayo, mimi niliachiwa magunia matupu na deni la kikoba.

Usijilazimishe kutabasamu. Soma Marko 14:32-42, polepole. Gethsemane Yesu hakujifanya mzima: alisema roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba rafiki zake wakeshe, nao wakalala. Aliomba kikombe kile kimwondokee, akarudia. Mimi nilikuwa naisoma alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikirudi na taa zake. Nalia kwanza, ndipo naomba. Kusamehe kulinichukua Kwaresima mbili, si wiki.

Ndiyo, kwenye Yohana 13 Yuda msaliti naye alikuwepo mezani Yesu akiwaosha wanafunzi wake miguu. Lakini kusamehe si kumrudishia mtu funguo za stoo! Andikishaneni deni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mashahidi. Akikutishia, nenda polisi. Na kama hulali wala huli siku nyingi, usiishie kwa padri tu, muone daktari.