Re: Filamu inakwamakwama kwenye runinga, simu haina shida

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, mnakaa familia nzima kutazama filamu, runinga inazungusha kile kiduara kila baada ya dakika chache, ilhali simu kwenye Wi-Fi ileile haikwami. Yalinikuta hayo, watoto walisinzia kabla filamu haijafika nusu.

Usikimbilie kulipia kifurushi kikubwa. Filamu ya HD inahitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde, na huenda unazo tayari. Angalia kwanza ilipo ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi. Yangu ilikuwa sakafuni, imebanwa kati ya kabati na mgongo wa runinga. Niliipandisha juu ya rafu, nusu ya tatizo ikaisha.

Kisha ingia mipangilio ya mtandao kwenye runinga uone imeshika masafa gani ya Wi-Fi, 2.4 GHz au 5 GHz; hayo ya 5 yana kasi zaidi ila hayapenyi kuta vizuri. Ikiwa ni 2.4 GHz na ruta iko chumba hichohicho, hamia 5 GHz. Kama kuna kuta mbili tatu katikati, achana na hilo, vuta kebo ya mtandao kutoka ruta hadi runinga.

Tena, iwashe runinga upya. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, inalala tu. Chomoa plagi ukutani, subiri dakika moja, kisha irudishe. Runinga ya aina yako sijaitumia, kwa hiyo menyu zinaweza kutofautiana na zangu.