Puto halilainishi kovu la mapafu

SWALI: Mama yangu ana miaka 61 na anaugua baridi yabisi ya viungo kwa muda mrefu. Mwaka huu picha ya CT imeonyesha makovu sehemu za chini za mapafu yote mawili. Akipanda ngazi anatweta na kukohoa kikohozi kikavu. Kuna mtu amemwambia apulize puto kila asubuhi na kubana pumzi mpaka ahesabu thelathini, eti kovu litalainika na mapafu yatafunguka. Kutembea ameacha ili asijichoshe. Je, yako mazoezi ya kupumua yaliyo bora kuliko hayo?

JIBU: Dada yangu, puto liwekwe kando leo hii, na mama arudi kutembea. Ushauri huu wa puto nakutana nao karibu kila wiki, na kila mara naukuta umeshampotezea mgonjwa miezi.

Kwa mama yako hewa inaingia mapafuni bila kuzuiliwa na kitu. Shida iko mbele zaidi: kuta nyembamba kati ya vifuko vya hewa na mishipa ya damu zimekuwa nene na ngumu, kwa hiyo oksijeni inavuka kwa taabu. Hakuna pumzi, iwe ndefu au ya nguvu kiasi gani, inayoyeyusha kovu hilo. Mapafu yaliyokakamaa huvuta pumzi fupi za harakaharaka kwa sababu ndizo zinazoyagharimu nguvu kidogo. Ukimlazimisha mgonjwa avute pumzi kubwa mfululizo, unamwongezea kazi na kumchokoza kikohozi. Kubana pumzi ni kubaya zaidi, maana oksijeni yake ni haba tayari. Na hiyo thelathini akiifikisha, haipimi afya ya mapafu hata kidogo.

Kinachobadilika kwa mazoezi ni misuli, hasa ya mapaja. Baridi yabisi yenyewe hula misuli, vidonge vya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, vikitumika muda mrefu huipunguza, na kukaa kitako humalizia. Msuli dhaifu hudai hewa nyingi kwa kazi ndogo, ndiyo maana ngazi zilezile zinazidi kumshinda mama hata kama kovu halijaongezeka. Programu ya kurejesha uwezo wa mapafu huchukua wiki 6 hadi 12, mara mbili au tatu kwa wiki, na huanza kwa kipimo cha kutembea dakika 6.

Hapo kwenye kipimo ndipo mambo hujitokeza. Mgonjwa wa namna hii anaweza kukaa kitini, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kikisoma asilimia 96, akatembea dakika tatu ikawa 84. Anayempima akiwa amekaa tu atamwambia yuko salama. Kisha vidole vya baridi yabisi mara nyingi ni vya baridi na vimepinda, kifaa kinasoma uongo. Mikono ipashwe joto kwanza, rangi ya kucha itolewe, namba iachwe itulie. Ikikataa, kitumike kifaa cha kubana kwenye ndewe ya sikio. Oksijeni ikishuka chini ya 88 anasimama, anapumzika, na daktari anaelezwa, kwani huenda akahitaji oksijeni ya kutumia wakati wa mazoezi.

Atembee dakika moja au mbili, apumzike, aendelee. Ainuke kwenye kiti chenye mikono, akitoa pumzi wakati wa kunyanyuka. Mpira wa kuvuta afungwe kwenye mkono juu ya kifundo, asiukamate kwa vidole vilivyovimba. Siku viungo vikiwaka apunguze, lakini asilale siku nzima. Kuzungusha shingo, hapana: baridi yabisi ya miaka mingi inaweza kulegeza mifupa ya juu ya shingo. Zoezi la kupumua lina nafasi moja tu hapa, kutuliza kutweta: ainame mbele kidogo, mikono juu ya meza, atoe pumzi polepole bila kusukuma.

Ninaowalaumu ni wale wanaouza "kusafisha mapafu": mvuke, unga wa mizizi, mafunzo ya siku saba. Baadhi ya unga wa aina hiyo umewahi kukutwa umechanganywa steroidi kwa siri. Mgonjwa anajisikia mzima wiki kadhaa, anaacha dawa za hospitali, kisha unga unapokwisha anaanguka. Tena huambiwa atupe methotreksati, dawa ya baridi yabisi, kwa kuwa ndiyo iliyoharibu mapafu. Ni kweli dawa hiyo huweza, kwa nadra, kuleta uvimbe wa ghafla wa mapafu, lakini wa kuamua ni daktari anayemtibu. Muuzaji wa unga hahusiki. Steroidi nazo zikikatwa ghafla huhatarisha maisha. Kama kuna kitu cha kutupa nyumbani kwenu, ni sigara, yake na ya wanaomzunguka.

Mwombe daktari wake ampe rufaa ya fiziotherapia ya mapafu, na umweleze mtaalamu mapema kuhusu mikono na shingo. Baada ya wiki za programu mazoezi yaendelee nyumbani, kwa sababu akiacha, nguvu hupotea ndani ya miezi michache. Na siku pumzi itakapozidi kuwa fupi ghafla, au akipata homa, asifanye zoezi lolote: anatumia dawa zinazoshusha kinga, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.