Themostati si pambo: majibu kwa wasomaji wenye magari

Shikamoo fundi. Nina Premio ya 2004, injini 1NZ. Ilikuwa inachemsha kwenye foleni tu, barabara kuu haina shida. Fundi wa mtaani akatoa themostati, akasema nchi ya joto haiihitaji, akajaza maji ya bomba. Sasa haichemshi sana, lakini mshale wa joto haupandi, inakunywa mafuta kuliko zamani na taa ya injini imewaka. Mashine ya kusoma makosa ya injini imetoa namba P0128. Nifanyeje?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba. Rudisha themostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kisha utafute kilichokuwa kinachemsha gari, maana hicho bado kipo palepale.

Hoja ya nchi ya joto inasikika kila gereji, na inaharibu injini nyingi. Jua likiwaka Dar hewa inafika nyuzi 33 au 34. Injini yako inataka kufanya kazi kwenye nyuzi 80 na ushee hadi 95. Hapo katikati kuna nyuzi karibu 50 ambazo jua haliwezi kuzijaza.

Ndani ya themostati kuna nta iliyofungiwa kwenye kikopo kidogo cha shaba. Nta ikipata joto inavimba na kusukuma vali. Ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini peke yake, ndiyo maana inapata joto kwa dakika chache. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha. Kompyuta inasoma injini baridi, inaongeza petroli. Sehemu ya petroli hiyo, pamoja na unyevu, inashuka kwenye oili na haipati joto la kuikausha. Fungua mfuniko wa kujazia oili: ukikuta utando wa rangi ya krimu kama maziwa mgando, umeona kazi ya themostati iliyotupwa. (Utando huo ukiwa mwingi, na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi.) Na P0128 inasema hayohayo: injini imechukua muda mrefu kuliko kawaida bila kufikia joto lake.

Sasa tatizo la awali. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unapooza rejeta. Kwenye foleni kuna feni tu. Kwa hiyo linalochemsha kwenye foleni na kutulia barabara kuu, mshukiwa wa kwanza ni feni. Linalochemsha ukikimbia au ukipanda mlima, tazama rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji au maji yaliyopungua.

Washa injini, kisha AC. Feni inatakiwa kuzunguka mara moja. Isipozunguka, angalia fyuzi, halafu badilisha rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na nyingine yenye namba ileile kwenye boksi. Bado? Chomoa soketi ya feni na uipe umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka kwa uvivu, au ikaanza baada ya kusukumwa na kijiti, brashi za mota zimeisha. Vidole viwe mbali, kwani feni inaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa.

Feni ikiwa nzima, chungulia katikati ya rejeta na kondensa ya AC. Vumbi, majani na wadudu hujazana hapo mpaka hewa haipiti. Safisha kwa maji ya hozi kutokea upande wa injini kwenda mbele. Usitumie mashine ya presha kwa karibu, mapezi yatalala.

Usisahau mfuniko wa rejeta. Umeandikwa 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo presha unayoishikilia. Kwa 1.1, maji hayachemki hadi karibu nyuzi 120. Mpira wake ukipasuka, yanachemka kwenye nyuzi 100 kama ya sufuriani. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja, na watu wengi wanakibadilisha mwisho. Nunua wenye namba ileile ya ule wa zamani.

Kabla ya kufunga themostati mpya, ijaribu jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Ifunguke ndani ya nyuzi 80 hadi 84, na kwenye 95 uwazi wa vali uwe milimita 8.5 au zaidi. Nyingi za bandia zinakwama hapa, bora ujue kabla hujajaza kulanti (dawa ya rejeta). Ifunge na mpira mpya, kile kivali kidogo cha kutolea hewa kikae juu. Nati zake ni za spana namba 10 na hazitaki nguvu nyingi, Nm 9 tu (Nm, nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza).

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua plagi ya chini ya rejeta, mwaga, suuza kwa maji safi mpaka kutu iishe. Kisha jaza kulanti nusu na maji ya distila nusu, isipokuwa kulanti iliyochanganywa tayari kiwandani, hiyo haiongezwi maji. Ukienda dukani uliza maji ya distila kwa jina hilo. Ukisema maji ya betri unaweza kupewa asidi. Mfumo mzima unachukua kama lita 5 hadi 6. Maji ya bomba yana chumvi inayoganda kwenye mirija ya rejeta, na hayana dawa ya kuzuia kutu.

Mwisho toa hewa. Mfuniko ukiwa wazi, washa injini na hita iwe kwenye joto la juu. Minya hozi za rejeta mara kwa mara, mapovu yatoke. Hozi ya chini ikianza kupata moto, themostati imefunguka. Ongeza kulanti, funga, na kesho asubuhi kabla ya kuwasha angalia tena kiwango.

Hiyohiyo 1NZ inakula oili lita ngapi? Kidumu ni cha lita 4, nami humimina chote.
*Msomaji, Dodoma*

Lita 3.7 ukibadilisha na filta. Usimimine chote. Oili ikizidi sana, krenkshafti, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, inaipiga mpaka inatoa povu, na oili yenye povu hailainishi vizuri. Mimina lita tatu na nusu, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima kwa stiki gari likiwa mahali tambarare, kisha ongeza kidogokidogo hadi karibu na alama ya F.

Bolti ya kumwagia ni namba 14, na inakazwa kwa Nm 37 na washa mpya. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, haitaki nguvu nyingi, wanaokaza kwa bomba refu ndio wanaoharibu nyuzi zake. Kabla ya kufunga filta mpya, hakikisha mpira wa ile ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini, kwa sababu mipira miwili ikikutana oili yote inamwagika barabarani ndani ya dakika chache. Paka mpira mpya oili kidogo, zungusha kwa mkono mpaka uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko.

Mhariri, gari yangu ni Vitz ya 2008 yenye gia ya CVT. Niliweka ATF (oili ya gia za otomatiki) ya kawaida kwa gereji moja hapa mjini, na sasa inatetemeka nikianza kuondoka. Imeharibika?
*Msomaji, Nakuru, Kenya*

Huenda bado, lakini usiendelee kuiendesha hivyo. CVT haina seti za gia kama otomatiki ya kawaida. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kusagana. ATF haina kazi hiyo. Mkanda unateleza, puli zinachubuka, na hapo ndipo mtetemeko na mlio wa kuvuma vinapoanzia.

Soma kilichoandikwa kwenye stiki ya gia au kitabu cha gari: Toyota wana CVT Fluid TC na CVT Fluid FE. Fuata kilichoandikwa, hata kama muuzaji anaapa kwamba zote ni sawa. Ukimwaga kwa plagi ya chini hutatoa yote, nyingi inabaki kwenye torkikonvata. Kwa hiyo pima kilichotoka kwenye chupa zenye alama za lita, rudisha kiasi kilekile, endesha kilomita chache ukipitisha gia zote, rudia. Mara tatu zinatosha kuondoa sehemu kubwa ya ATF. Safisha sampu na sumaku zake. Unga laini wa kijivu si wa kutisha, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni dalili kwamba mkanda au puli zimekwisha kuumia.

Betri mpya, lakini nikilaza gari siku mbili haliwaki. Fundi anasema ninunue alteneta.
*Msomaji, Mwanza*

Usinunue chochote kabla ya kupima. Mita ya umeme ya bei ya chini inatosha.

Asubuhi kabla ya kuwasha, betri iliyojaa inasoma volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Injini ikiwa inanguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma hivyo, na taa kubwa na AC zikiwashwa bado iko juu ya 13.5, alteneta yako haina kosa.

Basi kuna kitu kinanyonya umeme usiku. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Weka mita kwenye ampia 10, na waya mwekundu wa mita uwe kwenye tundu la 10A. Toa terminali ya hasi, pitisha mita kati yake na betri. Usijaribu kuwasha gari wala swichi mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua. Subiri dakika 30 hivi kompyuta zilale. Chini ya ampia 0.05 ni kawaida.

Tuseme umeona 0.6. Kwa saa 24 hiyo ni zaidi ya ampia-saa 14, na betri ndogo ya NS40 ina kama 35 tu. Siku mbili zimeimaliza. Chomoa fyuzi mojamoja ukitazama mita. Ile itakayoshusha namba ndiyo yenye njia ya mwizi. Fyuzi zote zikitoka na namba isishuke, tazama waya zilizounganishwa moja kwa moja na betri, na diodi za ndani ya alteneta, maana hizo zinaweza kuvujisha umeme hata kama inachaji vizuri. Ila anza na vilivyofungwa baada ya gari kutoka kiwandani: redio, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, taa ya buti. Redio iliyofungwa waya zake za njano na nyekundu pamoja ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Nitajuaje umri wa tairi la mtumba?
*Msomaji, Mombasa*

Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho. 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Zikikosekana upande wa nje, ziko upande wa ndani, kwa hiyo ligeuze kabla ya kutoa hela. Likiwa limevuka miaka 10 liache hata kama kashata (meno ya tairi) zimejaa, mpira umekauka na joto la barabara ya kwenda Voi litalipasua. Likiwa na zaidi ya miaka sita, likunje kidogo kwa mikono na utazame mizizi ya kashata. Nyufa ndogo kama za udongo mkavu zinamaanisha usilichukue.